Vipande Vitano vya Mpira Mpaka Mbale

Aendaye Mbale kwa kawaida husimulia mlima Wanale unaousimamia mji kama ukuta, au mnara wa saa ulio katikati ya mji. Mimi naomba uniwie radhi, kwa kuwa safari yangu ilikuwa ya kuandamana na gari la kunyonya maji machafu ya vyoo, na jambo lililonisumbua lilikuwa moja tu: yafaa kubeba mpira wa urefu gani?

Ilikuwa mwezi wa Aprili, mwaka 2023. Katika kambi moja ya familia za askari mjini Mbale, shimo la maji machafu linalohudumia nyumba kadhaa lilikuwa limebakiza shubiri moja kufika ukingoni, na mvua kubwa zilikuwa zimekwisha kuanza. Gari la karibu lilikuwa bovu, basi likaombwa la kwetu Jinja. Mimi, niliyesomea ualimu kabla ya kuingia kazi ya ofisi, nilipewa daftari niandike kazi itakayofanyika. Habari iliyoletwa kwa simu ilisema kwamba kutoka barabarani mpaka shimoni ni mita 18.

Mpira wetu ni wa inchi 3, nao umekatwa vipande vya mita 4, kila kimoja kina viungo vya chuma katika ncha zote mbili. Utingo alipiga hesabu akasema vipande vitano vyatosha: mita 20, na mbili za ziada. Dereva alitaka kumi. Nilimwunga mkono utingo, maana hesabu yake ilikuwa safi kama ya ubaoni, tena mipira hiyo ni mizito, hunuka, na kila kipande kilichotumika sharti kioshwe. Dereva alinitazama, akasema, "Mwalimu, njia yenyewe umeiona?" Sikuwa nimeiona, lakini nilikuwa na daftari.

Tuliondoka alfajiri, tukapita mashamba ya miwa ya Kakira, tukafika Iganga, kisha tukashika njia ya Tirinyi. Hapo nchi hulala tambarare, na penye bonde la mto Mpologoma mpunga huonekana pande zote mbili za barabara. Baada ya Kamonkoli, Wanale ukajitokeza mbele yetu, nao umevaa wingu jeusi kichwani. Dereva alilitazama lile wingu, hakusema neno.

Kambini nilielewa swali lake. Zile mita 18 zilikuwa za kweli, ila zilipimwa kwa macho, moja kwa moja, kupitia katikati ya jiko la nyumba ya pili. Mpira haupiti ukutani. Njia ilizunguka jiko, ikapita chini ya kamba za nguo, ikashuka nyuma ya migomba. Nilihesabu hatua 33, karibu mita 25. Ongeza mita 2 za kushuka shimoni na nyingine 2 za kupinda konani, hupati pungufu ya 29. Vilihitajika vipande vinane, nasi tulikuwa na vitano.

Gari halikuweza kusogezwa, kwani udongo ulikuwa umelowa na lingezama. Ndipo mmoja wetu (na simtaji, maana nilikaribia kumkubalia) aliposhauri tuchimbe mfereji mdogo, maji ya juu yateremke kijitoni. Mke wa sajini mmoja alikuwa akianua nguo. Akatua beseni lake chini, akasema kwa upole, "Afande, huko chini watoto wanateka maji. Mwaka jana mto uliwaingilia nyumbani. Leo nasi tuwapelekee haya?" Alisema kweli. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika, watu zaidi ya 20 wakafa. Hakuna aliyetaja mfereji tena.

Dereva alipiga simu Jinja. Vipande vitatu vingekuja kwa basi la kesho, baada ya kondakta kukubali kuvipakia juu ya paa kwa sharti vioshwe na ncha zake zifungwe magunia. Jioni hiyo askari wawili, utingo na mimi tulishika majembe tukajenga tuta kulizunguka shimo, ili maji ya mvua yasiingie. Kina mama waliafikiana kutomwaga maji ya kufulia humo mpaka kesho. Mvua ilinyesha tangu saa nne ya usiku. Mimi nililala garini bila kulala, nikisikiliza maji, nikiwaza zile nyumba na watoto wake, na vipande vitano nilivyoviona vinatosha.

Msomaji atauliza: kwa nini basi gari lisibebe vipande ishirini siku zote, yakaisha? Nilimwuliza dereva hivyo hivyo. Alinieleza kwamba pampu yetu haivuti kwa nguvu zake. Hutoa hewa ndani ya tangi, na hewa ya nje ndiyo isukumayo maji machafu kupanda. Pwani hewa hiyo huweza kuinua maji mita 10 kwenda juu. Mbale, mji ulio zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, haipiti mita 9, na kwa tope zito ni pungufu sana. Mpira ukirefuka, msuguano hula nguvu iliyosalia, na kila kiungo ni mlango wa kuvuja hewa. Tena mpira wa mita 30 wa inchi 3 hukaa na lita 137 ndani yake, karibu debe 7. Ndiyo maana huinuliwa kwanza kutoka shimoni ukanyonya upepo mpaka ukauke, ndipo viungo hufunguliwa. Asiyefanya hivyo humwaga debe hizo mlangoni pa watu.

Nimesoma kwamba huko Marekani, wasafirio na nyumba za magurudumu nao hubishana kuhusu mpira huu huu wa inchi 3. Wao hawanyonyi, huachia maji yateremke yenyewe, kwa hiyo wanahofia mteremko kuliko urefu.

Kulipokucha tuta lilikuwa limesimama, na shimo lilibakiza vidole viwili. Basi lilifika kabla ya saa sita. Tuliunga vipande vinane, dereva akafungua koki, na mpira ukatikisika kama nyoka. Tulifanya safari mbili kwenda kumwaga katika mabwawa ya kusafishia maji machafu ya Namatala. Tuliporudi mara ya mwisho, nguo zilikuwa zimeanikwa tena.

Wiki iliyofuata lilikuja ombi kutoka Tororo: mita 15. Nilijibu kwa barua kwamba tafadhali mtu atembee kwa miguu kutoka mahali gari litakaposimama mpaka mdomoni pa shimo, bila kuruka ukuta, atuandikie hatua zake. Jibu lilikuja: hatua 41.