Tundu Mwishoni mwa Krenkishafti

Kijana wetu mmoja aliyeko Marekani amenunua Dodge ya kale ya otomatiki, naye anataka kuifunga giaboksi ya mkono. Fedha alizonazo zinatosha jaribio moja tu.

Injini nyingi za V8 za Chrysler za miaka ya 1960 na 1970, zilizotengenezwa kwa otomatiki, hazikukamilishiwa tundu la bushi mwishoni mwa krenkishafti. Otomatiki hailihitaji. Giaboksi ya mkono hulihitaji: ncha ya shafti yake hukaa humo, isiyumbe klachi inapoachia.

Njia kamili ni kuifungua injini yote na kumpelekea mkereza vyuma krenkishafti, alichimbe tundu katikati barabara. Wengine huikata ncha na kuiacha ikining'inia. Gari huondoka, kweli, lakini mimi siipendi njia hiyo. Beringi za giaboksi ndizo zitakazolipa. Ipo pia beringi pana, hugongwa katika kishimo kikubwa kilichokuwa kikishika konveta ya otomatiki, na injini haifunguliwi. Nimemwandikia achukue hiyo, ila kwanza apime kina cha kishimo na urefu wa ncha. Ncha ikigota chuma, itaisukuma krenkishafti mbele na kuzila beringi za injini.