Chemirocha, Jirani Yetu

Ndugu msomaji, kama nawe unaandika, bila shaka umewahi kuambiwa neno hili: "Unaiga." Mimi niliambiwa na mhariri mmoja, jina lake tuliache, aliposoma riwaya yangu ya kwanza. Eti mpelelezi wangu ni Willy Gamba wa Elvis Musiba aliyehamia Tarime! Daftari likarudi. Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza: yuko msanii gani chini ya jua asiyeazima?

Jibu nililipata kwa majirani. Ukivuka mpaka pale Sirari, ukapita Migori na Kisii, ukashika njia ya Sotik, Kapkatet kwa Wakipsigis si mbali. Huko, mwaka 1950, Mwingereza Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alirekodi wasichana walioongozwa na Chemutoi Ketienya. Waliimba juu ya kiumbe aitwaye Chemirocha, nusu mtu, nusu swala. Wanamwalika acheze, aruke mpaka nguo zimdondoke! Sasa tamka "Jimmie Rodgers" harakaharaka mara tatu. Umemsikia?

Huyo Rodgers alikuwa Mmarekani wa Mississippi, aliyezaliwa mwaka 1897. Alifanya kazi ya breki kwenye magarimoshi, kifua kikuu kikamtoa relini. Tarehe 4 Agosti 1927 alirekodi nyimbo zake za kwanza mjini Bristol, Tennessee, na muda si mrefu jina lake likavuma. Leo wanamwita baba wa muziki wa kantri.

Lakini baba huyo naye alikuwa mwazimaji, bwana! Bluzi alizipata kwa watu weusi, wakiwamo vibarua wa reli. Yodeli, ile sauti inayoruka ghafla kutoka kifuani kwenda juu, asili yake ni milima ya Ulaya, nayo ilikwisha kuzoeleka Marekani katika vodevili, yale maonyesho ya jukwaani yenye nyimbo, vichekesho na mazingaombwe usiku mmoja. Rodgers mwenyewe alizunguka na maonyesho ya wauza dawa, akijipaka masizi usoni ili aonekane mweusi, watu wacheke. Hapo, ndugu yangu, hatupigi makofi. Kumwazima mtu ni jambo moja, kumdhihaki kwa kile kile ulichoazima kwake ni jambo jingine.

Tena kuna suala la majina. Mwaka 1930 Louis Armstrong alimpigia Rodgers tarumbeta katika wimbo mmoja, na jina lake halikuandikwa kwenye santuri. Kama Armstrong hakuandikwa, kibarua wa reli angeandikwa na nani?

Sasa waangalie wale wasichana. Santuri zilikuja na Wazungu. Sauti inatoka ndani ya sanduku, mwenye sauti haonekani. Anaimba kama binadamu, mara koo lake linaruka. Je, mwili wa sauti kama hiyo ukoje? Wakipsigis wakampa kwato. Hawakununua gitaa, wala hawakuigiza yodeli yake. Walimwimba kwa lugha yao na kinanda chao cha nyuzi, ndugu wa iritungu letu Wakurya, lile kubwa lenye sauti nzito. Na jina lake, ingawa lilipinda ulimini, hawakulificha. Limo ndani ya wimbo.

Rodgers hakujua lolote. Alikufa tarehe 26 Mei 1933, akiwa na miaka 35, miaka 17 kabla Tracey hajafika Kapkatet. Nao waimbaji walibaki kijijini wakati sauti zao zikisafiri dunia. Ni katika miaka ya 2010 ndipo rekodi zilirudishwa kwa watu wa Kapkatet. Walichelewa mno kuzisikia sauti zao wenyewe, na hilo linaniuma kuliko kurudishiwa daftari.

Basi nimeamua. Mpelelezi wangu simfuti. Ila siku hizi namuuliza maswali: wewe unayefuata nyayo za ng'ombe walioibwa kutoka Tarime mpaka vichaka vya Mugumu, unaogopa nini? Wazee wa ukoo wakikuita, utasimama upande wa sheria au wa damu? Hayo siwezi kuyaazima kwa mtu. Lazima niyatafute hapa hapa, kwa wanaopiga iritungu na wanaokesha zizini.

Kwa hiyo, kijana mwenzangu, azima bila hofu, na uliyemwazima mtaje. Ila ukimaliza kuandika, itazame kazi yako vizuri. Kama bado haijaota kwato zako, rudi mezani.