Bustani ya Mboga Baridi Inapoingia Njombe

Akina mama wa Pwani wakisikia neno kipupwe huwaza upepo mzuri na usingizi wa kujifunika shuka. Kwa mama wa Njombe mambo ni tofauti. Mji huo umejengwa juu ya vilima vinavyokaribia mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Mvua iliyoanza Novemba hukatika Aprili au Mei, na ifikapo Juni na Julai watu huamka na kuota moto jikoni kabla ya kwenda popote. Miaka ya baridi kali, umande huganda juu ya majani mabondeni, na jua likipanda majani hayo huwa meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto.

Tulifika huko mwezi wa Mei, akina mama wanne wa kikundi cha kujitolea cha kanisa, wawili kati yetu wauguzi. Kutoka Makambako barabara ya Songea hupanda kuelekea kusini kwa kilometa 60 hivi. Njiani tuliona misindano, miwati, chai upande wa Kibena, mashamba ya viazi mviringo na miparachichi mipya kila mahali. Mtu akipita kwa basi atasema hapa njaa haijui njia.

Chakula kingi, watoto wafupi

Lakini utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha jambo la kusikitisha. Mkoani Njombe, karibu nusu ya watoto wenye umri chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa, yaani wafupi kuliko umri wao. Kwa nchi nzima walikuwa 30 katika kila 100. Kudumaa si ufupi wa ukoo. Ni mwili na ubongo kukosa vya kujijengea, tangu mimba hadi mtoto atimize miaka miwili.

Sababu ni nyingi: maradhi ya mara kwa mara, mimba zinazofuatana upesi, kazi nyingi za mama, na sahani ya mtoto yenye ugali au viazi tu. Bustani peke yake haitaondoa yote hayo. Hata hivyo, mama mmoja aliyetupokea kwa "Kamwene!" na viti vya jikoni alitueleza kwa maneno machache kuliko vitabu vyetu: "Dada zangu, hapa mahindi hayatuishii. Kinachotuishia ni mboga, tena wakati ghala limejaa."

Bondeni ni mbali

Tangu zamani watu wa nyanda hizi wamelima vinyungu, yaani bustani za bondeni zenye unyevu baada ya mvua kukatika. Vinyungu vimewalisha wengi. Lakini huwa mbali na nyumba, na mama mwenye mtoto mgongoni hashuki na kupanda kilima kila jioni kwa ajili ya fungu moja la mboga. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, ili vyanzo vya maji visikauke. Ndiyo maana tulifurahi kuona akina mama walioleta bustani nyuma ya jiko.

Bustani ya mwenyeji wetu ilikuwa na matuta mawili tu, kila moja urefu wa mita 5 na upana wa mita 1. Upana huo si wa kubahatisha: mkono hufika katikati bila mguu kukanyaga udongo. Pembeni palikuwa na ua wa mianzi wa kuzuia kuku na mbuzi.

Anza mvua ingali inanyesha

Siri ya kwanza tuliyojifunza ni wakati. Anayengoja mvua ikatike ndipo asie mbegu, miche yake huikuta baridi ikiwa bado midogo, nayo hudumaa kama mtoto. Wenyeji husia kitalu Machi au mwanzoni mwa Aprili na kuhamisha miche kabla udongo haujapoa. Kabla ya kupanda huchanganya samadi iliyooza vizuri na udongo wa tuta.

Siri ya pili ni kuchagua. Sukuma wiki, chainizi, kabichi, figiri, karoti na vitunguu huvumilia baridi. Sukuma wiki hata huwa tamu zaidi. Njegere hupenda ubaridi, ila maua yake huungua umande ukiganda. Mchicha, maboga, maharage na nyanya havifai kutegemewa miezi hiyo. Kwa sababu hiyo bibi wa nyumba ile alikuwa akichuma majani ya mwisho ya maboga na kuyaanika kivulini, juu ya chekeche safi. Jua kali huharibu vitamini, alisema, nasi tuliofundishwa hayo chuoni tulibaki kuitikia tu.

Kuukinga mche

Hewa ya baridi ni nzito. Usiku huteremka kama maji na kutuama mahali pa chini. Kwa hiyo bustani ya mtelemkoni, karibu na nyumba, hupona pale ambapo ya bondeni huungua. Usiku ukiwa mweupe wa nyota na usio na upepo, ndio usiku wa hatari. Jioni hiyo mwenyeji wetu hulaza nyasi kavu juu ya kichanja kifupi cha mianzi kilichosimama juu ya tuta, na kuziondoa asubuhi jua likitoka.

Katikati ya miche hutandaza nyasi ili udongo usipoteze unyevu na joto upesi. Humwagilia asubuhi, si jioni, ili majani yalale makavu, maana majani yanayolala na maji hukaribisha ukungu. Kwa matandazo hayo, ndoo mbili za lita 20 kila baada ya siku moja humtosha.

Hadi sahani ya mtoto

Mboga kustawi ni nusu ya safari. Tuliona pia zikikatwa kwanza, kisha kuoshwa, kisha kuchemshwa mpaka zikabadilika rangi. Mama mwenzetu, osha kwanza ndipo ukate. Pika kwa maji kidogo, sufuria ikiwa imefunikwa, dakika chache tu. Tia mafuta kidogo au karanga zilizopondwa, kwani vitamini A ya majani huhitaji mafuta ili mwili uipokee. Njombe mafuta hayo yananing'inia mtini: yale maparachichi madogo anayoyakataa mnunuzi yanamfaa mtoto sana.

Madini ya chuma ya mboga huingia mwilini vizuri zaidi ukikamulia limao. Chai huyazuia, kwa hiyo isinywewe pamoja na chakula. Mtoto aliyetimiza miezi 6 apewe mboga laini zilizopondwa pamoja na maharage, dagaa au yai, huku akiendelea kunyonya.

Ndoo ya maji ni ya nani?

Hapa ndipo penye uzito. Ndoo mbili kila baada ya siku moja, juu ya maji ya kupikia, kufulia na kuogea watoto, ni mzigo juu ya mzigo. Tulipotembea nyumba kwa nyumba tuliona matuta yaliyoanza vizuri yakiachwa, si kwa uvivu, bali kwa sababu mama alikuwa peke yake. Mjamzito anayebeba ndoo kilima kizima ili mtoto wa kwanza apate mboga anamnyima nguvu yule aliye tumboni.

Pale kwa mwenyeji wetu, baba mwenyewe ndiye aliyekata mianzi ya ua, na siku za kumwagilia huleta maji kwa baiskeli kabla ya kwenda kwenye viazi. Jirani walimcheka mwanzoni. Alitujibu akitabasamu, "Wifi zangu, viazi navipeleka sokoni. Hizi mboga ninazila mimi na wanangu. Kwa nini nisizibebee maji?"

Basi, mama, kabla hujanunua mbegu, kaeni wawili mpange nani atajenga ua, nani atachota maji, na siku ipi. Maji uliyooshea mboga na mchele yamwage kwenye tuta, si uani. Kama eneo ni dogo, gunia moja la udongo na samadi lililosimamishwa karibu na mlango litabeba miche kadhaa ya sukuma wiki. Yote hayo yanawezekana. Ila yafanyike sasa, udongo ukiwa bado una joto, kwa kuwa mtoto wa mwaka mmoja hawezi kungoja mvua za Novemba ndipo arefuke.