Adui, Hasimu na Jirani wa Mfereji Mmoja

Kiingereza kina ghala zima la maneno ya kumtaja mtu asiyekuwa upande wetu, lakini watoto wetu wanaosoma shule za Kiingereza hapa Moshi wamechukua moja tu, 'enemy'. Aliyewapita kwa alama mbili za hesabu ni 'enemy'. Timu ya mtaa wa pili ni 'enemy'. Anayekimbizwa katika michezo ya simu, hali kadhalika. Wala neno hilo halikubaki mjini. Desemba tulipopanda Machame kwa wazee, mmoja wao alimwambia mgeni, kwa Kiswahili kilichonyooka, kwamba nyumba iliyo chini ya migomba yetu ni ya maadui zetu.

Nyumba hiyo ni ya jirani yetu, Muislamu mwenzetu, ambaye kwa misimu mitatu ya kiangazi tunagombania naye zamu ya maji. Kwa msomaji asiyeujua mlima: maji ya vijito vya Kilimanjaro huletwa vihambani kwa mifereji iliyochimbwa na mababu, ambayo Wachagga huiita mifongo. Mfereji una wazee wake wanaogawa zamu na kuitisha siku ya kuusafisha, na asiyetokea kazini hutozwa faini au hunyimwa maji. Kiangazi kinapokaza, saa moja ya maji ni mali. Ugomvi wetu umeshafika baraza la kata, basi hatusemi kwamba ni jambo dogo.

Lakini jirani huyo si 'enemy'. Neno hilo limetoka katika Kilatini, na maana yake ya asili ni asiye rafiki. Kiingereza kina neno jingine, 'rival', nalo pia ni la Kilatini, lililozaliwa na neno lenye maana ya kijito. Hapo kale lilimtaja mtu anayetumia kijito kimoja na mwenzake. Wenye lugha wengi wamekwisha kuisahau asili hiyo, na pengine ni sisi wa kando ya mifongo tunaoielewa bila kufungua kamusi. Mtu huwezi kugombania maji na aliye mbali. Utagombania na yule mnayechota naye mahali pamoja.

Kiswahili nacho hakikutunyima. Mpinzani hupinga neno letu, si nafsi yetu. Mshindani hawezi kuwa peke yake, maana kushindana ni kazi ya wawili. Hasidi ni mwingine kabisa, na shari yake tumefundishwa kuomba kinga kwayo. Mashabiki wa Simba na Yanga, pamoja na kelele zao zote, huitana watani wa jadi, kama wanavyotaniana Mchagga na Mpare hata msibani. Hasimu tumempata kutoka Kiarabu, ambako ni mtu mwenye shauri na mwenzake mbele ya hakimu, ndilo neno walilotajwa nalo katika Surat Swad wale wawili waliomwendea Nabii Daud (a.s.) kwa ajili ya kondoo. Jirani yetu basi ni hasimu. Ana kesi nasi, na kesi ina siku ya kuhukumiwa.

Ugomvi wa namna hii ulifika hata mbele ya Mtume (s.a.w.). Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Zubayr bin Awwam (r.a.) aligombana na Answari mmoja kuhusu mfereji wa Madina. Shamba la Zubayr lilikuwa la juu. Mtume alimwambia anyweshe, kisha amwachie jirani yake maji. Answari akakasirika, akidai hukumu ilifuata udugu. Ndipo Zubayr akapewa haki yake kamili, azuie maji mpaka yafikie kingo za shamba. Sisi pia shamba letu ni la juu, na hukumu ya kwanza ndiyo inayotusumbua zaidi.

Mlima huu umekwisha kuona mwenzi wa kijito akifanywa adui. Mangi Rindi wa Moshi na Mangi Sina wa Kibosho walishindana kwa miaka mingi. Mwaka 1891 Wajerumani walipompiga Sina, wapiganaji wa Rindi walikuwa pamoja nao. Tarehe 2 Machi 1900, Wajerumani hao hao walimnyonga Mangi Meli, mwana wa Rindi, pale Old Moshi.

Nyumbani tumeagiza neno adui liachwe, na watoto wameuliza, kwa haki, waseme nini badala yake. Tumewaambia waseme jirani.

Mwezi ujao jirani huyo anaoza binti yake, na kadi imeletwa. Wako miongoni mwetu wanaoona kwamba kuhudhuria walima kabla ya baraza kuamua ni kukubali kushindwa. Sherehe ni Jumamosi, na zamu ya Jumamosi ndiyo hasa tunayoigombania. Mzee wetu amesikiliza pande zote, kisha akasema kwamba siku hiyo kizibo cha mfereji kitafunguliwa tangu alfajiri, maji yashuke kwao, na kwamba barazani atasema wazi: aliyafungua kwa ajili ya harusi, na zamu bado anaidai.