Dakika Tano Kutoka JKIA

Wasee, ukiona hoteli imeandikwa "dakika 5 kutoka JKIA", uliza swali moja kabla hujatuma pesa: dakika tano za nani? Za gari saa nane usiku mvua ikinyesha, ama za ndege?

Mimi sikuuliza. Na mimi ndiye yule msee wa kuwaambia wengine waende wapi, wale wapi, walale wapi. Wengi mnanijua kwa video za sehemu za bei nafuu Nairobi. Hii haina video, na nikimaliza mtaelewa kwa nini.

Dadangu alikuwa anaenda Saudia kufanya kazi ya nyumbani, mkataba wa miaka miwili. Nyumbani kwetu ni Changamwe, Mombasa. Ndege za Moi International zinapita juu ya mabati yetu mpaka ukiwa unaongea na simu inabidi unyamaze kidogo. Lakini tiketi aliyopewa na ajenti ilikuwa ya kutoka Nairobi, saa kumi na dakika 40 usiku. Kwa hivyo atoke na treni ya SGR mchana, afike Syokimau jioni, alale mahali, halafu usiku aende uwanjani.

Nyumbani wakasema, "Kijana yuko huko huko Nairobi, atapanga." Nami nikasema sawa, hiyo ni kazi ndogo.

Kwangu hangeweza kulala. Naishi Githurai chumba kimoja na wasee wawili, na kutoka Githurai hadi JKIA ni kuvuka jiji zima. Dada akanitumia 6,000 kwa M-Pesa. Akaandika: "Ya hoteli na gari. Tafuta pazuri nipumzike, sijalala vizuri wiki nzima."

Nikaingia kwa simu kutafuta. Kwanza nikaona zile kubwa. Four Points by Sheraton iko ndani kabisa ya eneo la uwanja, Crowne Plaza nayo iko hapo karibu. Hizo sikuzifungua hata picha, bei yake si ya watu wetu. Nikashuka chini, chini, hadi nikapata moja Syokimau: 2,800, chai ya asubuhi ndani, na maandishi makubwa kwamba gari la hoteli linapeleka wageni uwanjani bure. Kwa ramani, ile alama ya hoteli na ile alama ya uwanja zilikuwa karibu kugusana.

Nikapiga hesabu. 6,000 toa 2,800, inabaki 3,200. Gari ni bure. Na taa niliyokuwa naitaka ya kushutia video ilikuwa 3,000.

Sikumwambia dada kwamba kuna pesa imebaki. Nilijiambia nitamrudishia nikipata kazi ya kulipwa. Hiyo ndiyo lugha ya mtu anayejua anachofanya si sawa, anajipa tarehe ambayo haipo.

Sasa niwaambie kosa la kwanza, ambalo lingempata hata mtu asiye mwizi. Ramani ikikupimia umbali wa mstari mmoja, inapima kana kwamba unaweza kukatiza popote. Lakini kutoka sehemu nyingi za Syokimau hadi terminal gari haliendi kwa mstari ulionyooka. Huwezi kukatiza katikati. Unatoka ndani ya mtaa, unaenda hadi Mombasa Road, unafuata barabara, unaingia kwa njia ya uwanja, ndio uanze kukaribia. Ukiwa dirishani unaona taa za ndege kabisa, unadhani umefika. Kuziona si kuzifikia.

Dada alifika jioni na begi moja kubwa jekundu na mfuko wa mahamri mama alimpa. Tulienda hoteli na boda mbili, begi moja na mtu mmoja kwa kila boda. Chumba kilikuwa safi, sisemi uongo. Akaoga, akasali, akala hamri moja, akaniambia, "Umechagua pazuri." Nikaangalia pembeni.

Nikashuka mapokezi kuuliza gari la saa saba unusu usiku. Pale palikuwa na dada mmoja mdogo, akasema, "Sawa, nitamwambia dereva." Nikarudi juu. Sikuuliza jina la dereva. Sikuomba namba yake. Sikuuliza kama gari linatembea usiku. Swali moja la dakika moja.

Saa saba unusu tulikuwa chini na begi. Mapokezi hakuna mtu. Soja wa geti akaja na tochi. "Gari? Gari mwisho ni saa nne, boss. Dereva alienda kwao Athi River." Mvua ilikuwa imeanza tangu saa tano, na barabara ya kutoka hapo hadi lami ilikuwa ya udongo.

Nikafungua apu ya teksi. Wa kwanza akakubali, akaangalia niko wapi, akafuta. Wa pili akapiga simu: "Hiyo njia ya ndani mvua ikinyesha siingii, tokeni hadi Mombasa Road." Wa tatu alikubali, dakika kumi na mbili zikageuka ishirini, naye akafuta. Dada alikuwa ameketi juu ya begi amekunja mikono. Hakunilaumu. Aliuliza tu, "Wanafunga saa ngapi?"

Hiyo nilikuwa nimesoma. Ndege za kimataifa wanataka ufike saa tatu kabla, na kaunta mara nyingi hufungwa saa moja kabla ya kuruka. Kwa hivyo mwisho wetu ulikuwa saa tisa na dakika 40. Ilikuwa imeshafika saa nane na robo.

Dada akakosa hiyo ndege, si kwamba angepanda ya kesho. Tiketi ni ya ajenti, na kila kitu kimefungwa kwa mkataba. Na mwanawe wa miaka minne tayari alikuwa ameachwa kwa mama akiwa amelala, ili asione mamake akitoka. Hiyo kazi ya kumwacha haikufanyika mara mbili.

Soja ndiye alituokoa. Alipigia simu jamaa wa Probox anayelala mtaa wa pili. "2,500," jamaa akasema, "na mkiwa tayari saa hii." Saa hiyo ya usiku hakuna kupatana bei. Nikalipa kutoka kwa zile 3,200.

Tukiwa ndani ya gari, dada akanishika bega kutoka nyuma akasema, "Asante mdogo wangu. Najua huna." Alidhani ni pesa yangu.

Sijawahi kuskia vibaya hivyo maisha yangu yote, hata ile siku nilitoka chuo. Na hapo lazima niseme: nilitoka mwaka wa pili kwa sababu ya karo. Huwa nawaambia hapa kwamba niliamua kufuata ndoto. Ukweli ni kwamba pesa iliisha, halafu ndoto ikafuata baadaye. Moja ya sababu dada alikuwa anaenda, aliisema mbele ya mama: "Nikitulia huko, huyu atarudi shule."

Jamaa wa Probox akauliza, "Terminal gani?"

Nikasema, "International."

Akacheka. "Buda, hiyo si terminal."

Kosa la pili, liandikeni. JKIA si mlango mmoja. Kuna terminal 1A hadi 1E zimepangwa kwa mzunguko kama nusu duara, na terminal 2 iko kando yake pekee. 1A ndiko nyumbani kwa Kenya Airways. 1D ni ya ndege za ndani ya nchi. Mashirika mengi ya nje yanatoka milango mingine, na huwa yanahamishwa, kwa hivyo usitegemee ulichoambiwa na binamu yako wa mwaka juzi. Soma tiketi. Kama haijaandikwa, uliza shirika lenyewe mchana, ukiwa na akili.

Kuna kitu kingine ambacho watu hawakihesabu. Kabla hujafika terminal, kuna ukaguzi wa kuingia. Usiku ule abiria tulishuka, tukapita kwa miguu kwenye mashine, gari likakaguliwa kivyake, tukakutana upande wa pili. Ukipata foleni, hiyo ni muda. Ukifika mlango wa terminal, begi zinapita kwa mashine tena. Kwa hivyo ile "dakika 5" ya hoteli, hata ingekuwa kweli, inakufikisha getini tu.

Tulipita ukaguzi saa tisa kasoro dakika kumi. Jamaa akatushusha 1A, na haikuwa 1A. Tukaanza kuvuta begi, gurudumu moja lilikuwa limejaa tope likakataa kuzunguka, nikalibeba kichwani kama gunia la viazi. Dada nyuma yangu anakimbia na kanda, mfuko wa mahamri mkononi. Tukauliza askari, akatuonyesha mbele.

Mlangoni walitaka pasipoti na tiketi. Mimi sina tiketi, kwa hivyo mwisho wangu ni pale nje. Hiki nacho sikuwa nakijua. Nilikuwa nimejiwazia tutaketi ndani, tunywe chai, aniambie mambo ya mtoto: dawa yake ya kifua, kwamba anaogopa kuogeshwa kichwa, kwamba ukimdanganya anajua. Alikuwa ameniambia kwenye treni nitafute karatasi niandike. Tungekuwa na saa nzima na zaidi. Tulikuwa na muda wa mtu mmoja mbele yetu kupitisha begi lake.

Aliniwekea mfuko wa mahamri mkononi. Akasema, "Utamwambia mama nimefika salama," kabla hata hajaondoka. Akaingia. Kupitia kioo nikaona begi jekundu likipita kwa mashine na tope lake, halafu simwoni tena.

Alipata ndege. Kazi alipata pia, na hadi sasa ananiambia yuko sawa, namwamini kwa kiasi. Mimi nilikaa pale nje hadi kukapambazuka, kisha nikachukua matatu nambari 34 hadi tao nikila mahamri. Kwa M-Pesa nilikuwa na 700. Taa sijanunua.

Kwa hivyo, nikuachie hivi. Ukitafuta mahali pa kulala kabla ya ndege, usipime kwa ramani. Weka saa ile ile utakayotoka na uangalie njia ya gari, si mstari. Piga simu hotelini kwa sauti yako na uulize: gari linatoka saa ngapi ya mwisho, dereva ni nani, namba yake ni gani, kutoka hapo hadi lami ni barabara gani. Wakijibu "usijali", anza kujali. Kama unatoka katikati ya mji, Nairobi Expressway tangu ifunguliwe 2022 inaokoa muda mwingi, ila elewaneni na dereva mapema nani analipa ada. Ukishuka SGR jioni, Syokimau ni sawa kabisa kulala, mradi gari la usiku limethibitishwa na mtu, si na tangazo. Na kama pesa haitoshi hoteli na gari la uhakika, chagua gari. Bora umsubiri mtu wako kwa saa tano mkiwa mmeketi mahali karibu mnaongea, kuliko alale kitandani halafu mwagane mkikimbia.

Na ukitumiwa pesa ya safari ya mtu, hiyo pesa ni ya mtu. Yote. Hata ile inayobaki.

Dada, najua unasoma hizi post Ijumaa ukipumzika. Zile 2,500 hazikuwa zangu, zilikuwa zako. Zile 700 nilimpelekea mama nikasema ni zangu, sasa na yeye atajua. Ile karatasi ya mtoto bado haina kitu. Nipigie tuiandike.