Mafuvu ya Vilima vya Taita

Msafiri atokaye Voi hupita Mwatate, kisha barabara hupanda kwa mizunguko mingi hata Wundanyi, penye baridi na mashamba ya matuta. Katika miamba ya vilima hivi mna mapango ambamo Wataita wa kale waliweka mafuvu ya wazee wao. Maiti ilizikwa kwanza. Baadaye fuvu lilifukuliwa, likapelekwa kwenye pango la ukoo. Mafuvu mengine yalichukuliwa hata Cambridge, Uingereza, na mwaka 1931 vipimo vyake vilichapishwa. Huko yalihesabiwa na kupimwa. Pangoni yalikuwa na jamaa zao. Basi, atakaye kuyaona mapango hayo na aombe kwanza ruhusa kwa wazee, wala asiguse kitu. Hazina hiyo ina wenyewe.