Dakika Ishirini

Simu ya mama ilinikuta gesti, Tanga, nilikokwenda kuandika habari za wavuvi. Ilikuwa alfajiri. Mjomba amefariki Wete, atazikwa baada ya adhuhuri.

"Mimi sitawahi," alisema. "Wewe uko hapo jirani. Nenda ukamtilie mchanga mjomba wako."

Hapo jirani! Mama yangu kazaliwa Pemba. Alivuka kuja Tanga kwa jahazi akiwa binti, usiku kucha baharini akitapika, na baadaye ndoa ikamleta Manzese. Miaka yote niliyokulia pale, Pemba ilikuwa kule ambako mtu harudi kirahisi: basi mpaka Tanga, au boti mpaka Unguja, halafu meli ambayo haipo kila siku.

Siku hiyo pia haikuwepo. Nikapata kiti kwenye ndege ndogo, Cessna Caravan, ile ya injini moja na abiria 12 hivi. Uwanja wa Tanga si mkubwa. Unatoka kaunta unatembea kwa miguu hadi kwenye ngazi. Tulipimwa uzito sisi na mabegi yetu, kama magunia ya mkaa.

Kutoka uwanja ule hadi wa Chake Chake ni kilomita 80 na kitu kwa mstari ulionyooka, na ndege ile huenda kama kilomita 300 kwa saa. Niliangalia saa yangu, ndiyo tabia ya uandishi. Ikapita mikoko, ikaja bluu nzito ya mkondo wa Pemba, ambao kina chake ni mamia ya mita. Sijamaliza kulifikiria jahazi la mama pale chini, vilima vya mikarafuu hivi hapa. Dakika 21. Mwendokasi kutoka Manzese hadi Kivukoni huchukua karibu muda huo huo, siku likija. (Kituoni huwa nasimama zaidi ya hapo.)

Gari ya kwenda Wete ilichukua muda mrefu kuliko ndege. Lakini niliwahi, nikatia mchanga.

Mjomba alikuwa ameugua miezi saba. Mara ngapi mama alisema, "Nikipata nafasi nitakwenda nikamwone," nami nikamjibu safari ni ndefu, na magoti yako hayo, subiri likizo yangu. Kutoka Dar ndege za Pemba zipo, nyingi hupitia Unguja. Mimi mwenyewe nimepanda ndege za kazi hata sihesabu. Ila kumpandisha mama yangu ndege, wazo hilo halikuwahi kunijia. Nauli si ndogo, kweli. Lakini simu niliyokuwa namwambia "subiri" niliinunua kwa bei kubwa zaidi.

Niliporudi Manzese nilimkuta kakaa mkekani, majirani wameshaondoka. Aliuliza nani alimwosha, nani aliongoza sala, na ile mikarafuu ya nyuma ya nyumba bado ipo? Nikamjibu yote. Kisha:

"Na hiyo ndege, ilikwenda muda gani?"

Nilitaka kudanganya.

"Dakika ishirini, mama."

Akahesabu kitu kwa vidole, taratibu, akakiacha katikati. Halafu akaniuliza kama nimekula.